Lilian Anasaga Meno

Jino lenyewe halikuwa na tundu. Mokami aliligeuzageuza kiganjani, akalipangusa damu kwa ncha ya kanga, akaliinua juani alitazame vizuri. Lilikuwa gego zima, jeupe, lenye mizizi mizito. Yule mng'oa meno wa mnadani alimwambia kwamba uozo huanzia ndani, mahali ambapo macho hayafiki, kisha akasuuza koleo lake kwenye beseni na kumwita aliyefuata. Lilian alikuwa ameketi kwenye gogo, pamba imejaa mdomoni, machozi yakimtiririka bila sauti. Mokami ndiye aliyekuwa amemshika kichwa wakati wa kung'olewa.

Walirudi Matongo kwa bodaboda moja, Lilian katikati, Mokami nyuma akimshika kiuno asije akaanguka. Uso ulivimba, na kila aliyepita bomani kwao alisema ndivyo ilivyo, jino likitoka lazima shavu livimbe. Uvimbe ukaisha. Maumivu yakabaki palepale, chini ya sikio, yakishuka kwenye taya na kupanda mpaka kwenye paji la uso. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Lilian aliamka kama mtu aliyepigwa ngumi. Ugali wa mtama ambao siku zote ulikuwa chakula chake ulimshinda. Aliumegamega vipande vidogo, akauloweka kwenye maziwa mgando, akaumeza bila kutafuna.

Mokami alimtazama akila hivyo, naye akashindwa kula. Lilian alikuwa mke wake.

Kwa Wakurya jambo hilo halimshangazi mtu. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuoa binti, ili watoto wa binti huyo wawe wa nyumba yake na jina lisipotee. Nyumba ya namna hiyo huitwa nyumba ntobhu. Mokami alizaa mabinti wawili, wote wameolewa mbali, na mtoto wa kiume aliyemzaa alikufa kabla hajapewa jina. Mumewe Matiko alipofariki, ndugu zake walianza kulitazama shamba lake kwa macho ya watu wanaosubiri. Ndipo Mokami alipoenda Mbalibali, upande wa Serengeti, akamchumbia Lilian kwa wazazi wake, akamleta Matongo. Lilian alikuwa msichana mrefu, mwenye kicheko cha sauti kubwa. Alimwita Mokami mama tangu siku ya kwanza, na Mokami akajikuta anapika vizuri kuliko alivyowahi kumpikia Matiko.

Mwanzoni Lilian alijichagulia mwenyewe mwanamume. Aliitwa Rubeni, alifanya kazi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu zinazonguruma mchana kutwa upande wa mashimo. Walimzaa Nyangi. Kabla mtoto hajaanza kutembea, Rubeni alisikia habari za machimbo mapya huko Geita, akaenda, asirudi wala kupiga simu. Lilian alilia wiki kadhaa, kisha akanyamaza, akaendelea na maisha.

Shemeji yake Mokami, mzee Simioni, ndiye aliyekuja na wazo la pili. Alisema mtoto wa kwanza amekuwa msichana, tena wa mtu wa njia. Sasa inafaa atafutwe mwanamume wa ukoo, damu ya Matiko yenyewe, ili akizaliwa mvulana pasiwe na maneno. Akamtaja mwanawe Heche. Mokami aliona wazo ni jema. Heche alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, mchapakazi, asiyelewa hovyo. Ndiye aliyemwezekea Mokami paa upepo ulipoling'oa. Basi akawa anakuja kila Jumamosi, na Mokami akawa anamchinjia kuku.

Ni baada ya hapo ndipo meno yalipoanza.

Wa kwanza kusikia alikuwa Nyangi, aliyekuwa akilala na mama yake. Asubuhi moja alimfuata Mokami jikoni, akamwambia kwa utulivu kabisa, kama anayetoa taarifa ya kawaida, "Bibi, mama anatafuna mawe."

Mokami alicheka. Lakini alipomsogezea mtoto kitanda chumbani kwake, na kuanza mwenyewe kutega sikio ukutani, hakucheka tena. Ilikuwa sauti kavu, ya mkwaruzo, inayoanza polepole, inakaza, inakatika, halafu inaanza tena. Hakuamini kwamba meno ya binadamu yanaweza kutoa sauti ile bila kuvunjika. Alimwita kwa jina kupitia ukutani. Sauti ikakoma, Lilian akageuka kitandani, na baada ya muda ikarudi.

Alipomwuliza, Lilian alishangaa. Alisema halijui jambo hilo, yeye analala tu, isipokuwa akiamka taya linauma na kichwa kinagonga. Mokami akamnunulia dawa ya minyoo, kwa kuwa watoto wakisaga meno ndiyo dawa wanayopewa. Haikusaidia. Akamsukutulisha maji ya chumvi, akamwekea karafuu jinoni, akampa panadol mpaka zikazoeleka kama pipi. Jirani yao Winfrida, aliyependa kujua kila kitu, alimvuta pembeni kisimani na kumwambia kwamba kwao, mtu anayesaga meno usingizini anamtafuna mwenye nyumba. Kwamba alimjua mzee mmoja aliyekufa namna hiyo, mkewe akisaga na yeye akikonda.

Mokami alimjibu kuwa hayo ni maneno ya watu wasio na kazi. Ila aliporudi nyumbani alijitazama mikono, akaiona imekonda, na kwa siku nyingi hakuweza kulitoa neno lile kichwani. Usingizi ulimpaa. Alianza kumwangalia Lilian kwa jicho la pembeni: anavyopepeta mtama, anavyomkabidhi kikombe cha uji. Alijiuliza kama binti huyu anamchukia. Na wazo hilo lilimwumiza kuliko wazo la kufa.

Ndiyo maana alikimbilia jino. Jino ni kitu cha kung'oa, kinatoka, mambo yanakwisha. Sasa jino lilikuwa limetoka, na hakuna kilichokwisha.

Jumamosi iliyofuata Heche alikuja kama kawaida. Alileta sukari, akamsalimia Mokami shikamoo, akaketi kwenye kiti cha Matiko barazani. Lilian alileta maji ya kunawa. Heche alinawa, akamwuliza kwa utani mbona siku hizi hata salamu hatoi, au amekuwa malkia. Lilian alitaka kujibu. Mokami, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchuzi, aliona midomo ikifunguka na taya likigoma. Kulisikika mlio mdogo karibu na sikio, kama kijiti kikivunjika. Lilian akashika shavu, macho yamemtoka, meno yamebanana, maneno yamefungiwa ndani.

Heche alidhani ni dharau. Akanyoosha mkono wake uliolowa, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwake. Hakumwumiza, alimshika kama mtu anavyomshika ndama ili amtazame meno. Lakini Lilian alifumba macho, mwili wote ukakakamaa, na birika likaanguka. Alisimama hivyo, amefumba macho, mpaka Heche alipomwachia.

Mokami aliliona hilo. Aliliona vizuri kabisa, mchana kweupe. Akaweka bakuli chini, akasema Lilian anaumwa meno, leo apumzike, na Heche akala kuku wake peke yake na kuondoka akinung'unika.

Jumatatu wakaenda hospitali ya Bomani, mjini Tarime. Taya lilikuwa limelegea kidogo, lakini kinywa kilifunguka kwa upana wa vidole viwili tu. Walipanga foleni mpaka jua likawa kali. Tabibu wa meno alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Agness, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alizungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kikurya kama wao. Alimsalimia Mokami kwa heshima, akamketisha Lilian, akamulika kinywani. Halafu akaweka vidole kwenye mashavu yake na kumwambia abane meno. Lilian akabana, na machozi yakamtoka.

Agness akamwita Mokami asogee aone. Akamwonyesha kwa kioo kidogo meno ya mbele yalivyolika kingo yakawa bapa kama ya bibi kizee. Akamwonyesha mstari mweupe ndani ya shavu, mahali anapojing'ata. Akamwonyesha pengo, na magego yaliyobaki upande ule, yote mazima.

"Walimtoa jino bure," Agness alisema. "Jino halikuwa na shida. Misuli hii ndiyo inayouma. Inafanya kazi usiku kucha, kama mtu anayelima bila kupumzika, halafu kiungo cha taya nacho kimechoka. Nani analala karibu naye?"

Mokami alisema mtoto alikuwa akilala naye, akahamishwa kwa sababu ya kelele.

"Na mume wake?"

"Mume ni mimi."

Agness alikuwa mzaliwa wa Tarime, hakuhitaji maelezo. Aliitikia kwa kichwa, akavua glavu zake taratibu. Kisha akamwomba Mokami awasubiri nje, kwa muda mfupi tu.

Mokami alikaa kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani alisikia sauti ya Agness ikiuliza, kisha sauti ya Lilian, ya chini, inayokwenda kwa muda mrefu. Mokami hakukumbuka kumsikia Lilian akizungumza kwa muda mrefu namna ile tangu Rubeni aondoke. Hasira ilimpanda. Alitaka kuinuka na kusukuma mlango, aseme kwamba huyu ni mtu wake, kama kuna neno aambiwe yeye. Aliinuka hasa. Akasimama mbele ya mlango, mkono umefika kwenye kitasa, halafu akarudi akaketi, maana aligundua kwamba alichokuwa anakiogopa si kwamba asingeambiwa. Aliogopa kuambiwa.

Walipomwita ndani, Agness alikuwa anamalizia kuchukua alama ya meno ya Lilian kwenye kitu laini kama ugali wa watoto. Alisema kitatengenezwa kifuniko cha plastiki Mwanza, cha kuvaa juu ya meno wakati wa kulala, ili meno yasiendelee kulika. Alimweleza Lilian aweke kitambaa cha maji ya moto kwenye taya asubuhi na jioni, ale vitu laini, aache muwa na mahindi ya kuchoma kwa sasa, asipige miayo kwa kufungua kinywa chote. Na mchana, kila anapokumbuka, ajiangalie: midomo ifungwe, lakini meno yaachane. Mokami aliuliza kama kifuniko hicho kitamponya.

"Kitayalinda meno, mama," Agness alisema. "Kinachomfanya abane, plastiki haiwezi kukitoa. Hilo mkaliongee wenyewe."

Karibu na stendi waliingia kwenye mgahawa, Mokami akamwagizia Lilian mtori. Lilian alikunywa kwa kijiko, polepole, akipumzika kila baada ya mara chache. Mokami hakula kitu. Alingoja mpaka bakuli lilipofika nusu, kisha akamwuliza amemwambia nini tabibu.

Lilian aliweka kijiko chini. "Nikikuambia, utanirudisha Mbalibali?"

"Sema."

"Simtaki Heche. Hanipigi, hanitukani, sisemi kwamba ni mtu mbaya. Simtaki tu. Anakuja, anafanya yake, anaondoka, na mimi nabana meno mpaka aende. Sasa meno yamezoea. Yanabana hata siku ambazo hayupo."

Mokami alitazama mikono yake mezani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Lilian angemwambia mapema, angejua.

"Nilikuambia, Mama."

"Lini?"

"Siku ya kwanza. Ulikuwa unamnyonyoa yule jogoo mwekundu. Nikasema, Mama, huyu hapana. Ukaniambia nikachote maji."

Mgahawani palikuwa na watu wengi, mtu mmoja akigombana na mhudumu kuhusu chapati. Mokami alijaribu kusema kwamba hakusikia. Lakini alikumbuka. Alikumbuka jogoo, manyoya yaliyolowa yakinata vidoleni, na sauti ya Lilian nyuma yake. Na alikumbuka kwamba aliisikia sawasawa, na ndiyo maana alimtuma maji.

"Kunywa mtori wako," akasema. "Unapoa."

Walirudi Matongo kwa bodaboda. Lilian hakurudia neno lake, na Mokami hakulijibu. Nyumbani alimchemshia maji, akakunja kitambaa, akamwekea kwenye taya kama walivyoelekezwa. Alifanya hivyo kila asubuhi na kila jioni wiki ile. Lakini kichwani alikuwa anapigana. Matiko hakuwa amemwachia kitu kingine isipokuwa shamba na jina, na vyote viwili vilihitaji mvulana. Yeye mwenyewe hakuulizwa alipopelekwa kwa Matiko. Alienda, akazoea, wanawake wote aliowajua walizoea. Kwa nini huyu mmoja asizoee? Halafu jioni ilipofika na ukuta ukaanza kukwaruza, alijua kwamba Lilian alikuwa anajaribu kuzoea, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na kwamba ile ndiyo sauti ya kujaribu kwenyewe.

Jumamosi hakuchinja kuku. Alifagia mlango wa boma, akatoa kigoda, akaketi palepale njiani. Heche alipofika na mfuko wake wa sukari alimkuta hapo, akamwamkia, akangoja apishwe. Mokami alimwambia aketi. Hapakuwa na pa kuketi, kwa hiyo Heche akachuchumaa.

Alimweleza kwa maneno machache. Alimshukuru kwa paa, akamshukuru kwa sukari, akamwambia asije tena kwa jambo lile. Aje kama mtoto wa shemeji yake, kusalimia, ale, aende zake.

Heche aliuweka mfuko wa sukari chini. Alikuwa na aibu zaidi ya hasira, Mokami aliliona hilo. Aliuliza kama Lilian amemsingizia kitu. Mokami akasema hapana, Lilian amesema hajapigwa wala kutukanwa. Heche akauliza sasa kosa lake ni nini.

"Huna kosa unaloweza kulilipa," Mokami alisema. "Hakutaki. Mimi nilijua, nikakukaribisha. Kosa ni langu."

Heche aliinuka, akauacha mfuko wa sukari chini, akaenda moja kwa moja kwa baba yake.

Kikao cha ukoo kilikaa kwa Simioni wiki iliyofuata. Mokami alienda peke yake. Alimkataza Lilian asije, asikalishwe katikati ya wanaume na kuulizwa mambo ya kitandani. Walisema mengi. Walisema mwanamke aliyeoa anapaswa kuongoza nyumba yake, si kuongozwa na mke. Walisema maumivu ya meno yana dawa zake na hayahusiani na ukoo. Mmoja alisema kama binti hamtaki Heche basi arudishwe kwao na ng'ombe warudi. Mokami alikaa na mikono imefumbatana, akawaacha wamalize. Mwishoni Simioni mwenyewe akazungumza, wala hakuwa mkali. Alikuwa mzee, ndugu yake amekufa, na alionekana kuumia kweli.

"Kwa hiyo unaifunga nyumba ya ndugu yangu," alisema.

"Ina mtu ndani. Haijafungwa."

"Mtoto wa kike. Wa mpita njia."

"Anaitwa Nyangi," Mokami alisema. "Ni mtoto wa nyumba yangu. Lilian akitaka mtoto mwingine, atamzaa na mtu anayemtaka, na huyo naye atakuwa wa Matiko. Asipotaka, basi."

Walimwambia amezeeka vibaya. Hakuna aliyempiga wala kumfukuza, lakini mvua zilipoanza, jembe la kukokotwa na ng'ombe ambalo kila mwaka lilitoka kwa Simioni kuja kwake halikuja. Mokami alituma salamu mara moja, akaambiwa ng'ombe wamechoka. Hakutuma tena. Yeye na Lilian walilima kwa mkono, kuanzia alfajiri, na walichoweza kulima hakikufika nusu ya shamba. Sehemu iliyobaki ndugu wa Heche walianza kulisha ng'ombe wao, na baadaye mtu akapanda mkonge kwenye mstari mpya, ndani kabisa ya mpaka wa Matiko. Mokami alienda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaambiwa suala litasikilizwa.

Kifuniko cha meno kilifika kutoka Mwanza, na wakaenda kukichukua Bomani. Kilikuwa kitu kidogo, kinachong'aa, chenye umbo la kiatu cha farasi. Mara ya kwanza Lilian alikitapika. Mara ya pili alikivua usingizini, Nyangi akakikuta chini ya kitanda na kumwekea mwanasesere wake wa matambara. Polepole akakizoea. Asubuhi maumivu yalipungua. Siku zingine aliamka na uso mwepesi, akala ugali bila kuuloweka. Siku zingine hapana. Alikuwa akipalilia, Mokami anamwona amesimama ghafla, anaachanisha meno kwa makusudi huku midomo imefungwa, kama alivyofundishwa, kisha anaendelea.

Mokami alitarajia kwamba Heche akiacha kuja, sauti itakoma mara moja. Haikukoma. Ilipungua, ikapita wiki nzima bila kusikika, kisha ikarudi kwa nguvu siku Simioni alipopita njiani bila kuwasalimia. Jambo hilo lilimvunja moyo kuliko jembe. Alimwuliza Agness walipoenda tena, na Agness akasema mwili hauambiwi mara moja ukasikia. Umejifunza kwa muda, utasahau kwa muda, na pengine hautasahau wote.

Mtama ulipovunwa, ule mchache, Lilian aliomba ruhusa ya kwenda Mbalibali kumwona mama yake. Alitaka kwenda na Nyangi. Hakusema atarudi lini. Mokami alimfungia unga, akampa kitenge chake kipya ampelekee mama yake, akawasindikiza mpaka kwenye bodaboda. Winfrida aliwaona wakiondoka, akaja jioni ile ile kumpa pole kama mtu aliyefiwa. Alisema wasichana wa nyumba ntobhu wakienda kwao na mtoto, ndiyo imetoka hiyo.

Mokami alimsindikiza mpaka njiani. Alilala katika nyumba tulivu, na hakupata usingizi. Alipika uji mwingi kuliko aliohitaji, akawapa kuku. Mara kadhaa alichukua simu ili apige, akairudisha. Alijiambia kwamba kama Lilian hatarudi, asimlaumu, na kwamba ng'ombe hatawadai. Lakini kuliwaza jambo hilo hakukumfanya aone nafuu.

Lilian alirudi mwezi ulipokaribia kwisha. Alishuka na viazi vitamu kwenye gunia, Nyangi mgongoni amelala. Alimsalimia Mokami shikamoo kwa kupiga goti kidogo, kama siku ya kwanza. Waliketi jikoni wakimenya viazi, na Lilian akasema bila kuulizwa kwamba kwao walimtaka abaki. Ndugu zake walisema wangetafuta namna ya kuwarudisha ng'ombe.

"Mbona umekuja?" Mokami aliuliza.

Lilian alifikiri. "Hapa nikisema hapana, sasa unasikia. Kule sijui." Akachukua kiazi kingine. "Ila Mama, kuhusu mtoto mwingine, sijui kama nitataka. Nisikudanganye."

Mokami alisema amesikia. Neno lile lilimkaa kifuani zito. Aliinuka akaongeza kuni.

Siku zilizofuata walirudi shambani kusafisha mabua kabla ya msimu mwingine. Mwenyekiti alikuwa bado hajaita kikao. Mkonge ulikuwa umeshika mizizi, na upande wa pili wa mkonge ng'ombe wa watu walikuwa wanakula mabua ya Matiko. Lilian aliinama, akang'oa, akasimama, akabonyeza shavu lake kwa vidole viwili.

Mokami akamwuliza kama linauma.

"Kidogo. Jana lilinikaza tena."

"Nenda ukakae kivulini."

"Hapana, tumalize mstari huu," Lilian alisema, na wakaendelea.